Mzee Fremu Akabidhi Rangi Zake Tatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhandisi wetu mkuu wa usalama wa skrini, ambaye jengo zima linamwita Mzee Fremu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa ya kufunga ofisi. Hivyo ndivyo lisemavyo tangazo lililobandikwa ubaoni. Sisi wa kitengo chake bado hatujaamini. Mtu ambaye kila alipokwenda likizo alirudi kabla ya siku yake, ili aone tunafanya nini akiwa hayupo, hawezi kuondoka hivi hivi.

Na dalili zenyewe zinatia shaka. Jumatatu alikuja na pipi, akagawa meza kwa meza. Jumanne alitusalimia bila kuchungulia skrini ya mtu yeyote. Jumatano katibu muhtasi alimwona akicheka peke yake kwenye korido, akaja mbio kutuambia tubadilishe nywila. Tulibadilisha. Pipi zile bado ziko kwenye droo zetu, kila moja na karatasi yake, kwa sababu ni yeye aliyetufundisha kutomeza kitu ambacho hatujui kimetoka wapi.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, ambao kwa miaka yote hii wamekuwa wakimlaani bila kujua anafanya kazi gani, nieleze kidogo. Ofisi yetu hutunga na kutunza mitihani ya shule. Mzee Fremu alipoajiriwa, kama fundi wa kawaida wa kompyuta, mashine zilikuwa chache na kila jioni zilifunikwa kwa vitambaa kana kwamba zingepata mafua. Usalama wakati huo ulikuwa mlango: mlinzi, kufuli, na funguo zilizoning'inia shingoni mwa mkuu wa idara. Siku ya kwanza kazini kijana huyu alisimama mbele ya kufuli hilo, akalitazama, kisha akauliza kama mtihani una miguu. Alimaanisha kwamba karatasi haihitaji kupita mlangoni. Inatosha ionekane na jicho lisilofaa. Wakubwa hawakupenda, lakini swali lilibaki.

Kutokana na swali hilo ndipo ulipozaliwa mfumo wa lebo tunaoutumia hadi leo. Yeye na wenzake wachache waliingia ndani ya mfumo endeshi wa mashine zetu na kuhakikisha kwamba kila kitu kinachoonekana kwenye skrini kina lebo yake. Siyo faili tu. Kila dirisha, kila menyu, kila aikoni, kila kisanduku cha ujumbe, hata maneno uliyonakili ambayo hujayabandika popote. Lebo ni tatu, na kila moja ina rangi inayozunguka dirisha kama fremu ya picha: nyekundu ni siri, njano ni mambo ya ndani ya ofisi, kijani ni wazi kwa wote. Ukinakili kutoka dirisha jekundu ukajaribu kubandika kwenye la kijani, mashine inagoma. Ukionyesha skrini yako kwa watu wa mbali, madirisha mekundu yanageuka meusi tii, na wenzako wanaona shimo. Hapo ndipo alipopata jina la Fremu, na uzee ulikuja wenyewe.

Kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba kila kitu kwenye skrini hurithi lebo ya kilichokizaa. Programu nyekundu ikifungua dirisha, dirisha ni jekundu. Dirisha jekundu likifungua menyu, menyu ni nyekundu. Ni kama ukoo, alikuwa akisema, na ukoo haukimbiwi. Tulikariri kanuni hiyo mpaka tukawa tunaiota. Naomba msomaji aikumbuke, kwa sababu itarudi.

Kazi ya kuvipa vitu lebo inataka mtu asiyeamini chochote, na hapo Mungu alitupatia mtu wake. Neno lake lilikuwa moja: "Nani kafungua?" Akiona dirisha wazi kwenye mashine isiyo na mtu, "Nani kafungua?" Akikuta droo haikusukumwa mpaka mwisho, "Nani kafungua?" Mwaka tuliofungiwa kipoza hewa, kilipowaka chenyewe mara ya kwanza, aliuliza vilevile, na fundi aliyekuwa juu ya ngazi nusura aanguke. Mimi siku yangu ya kwanza nilimpa mkono nikamwambia nimefurahi kujiunga na kitengo. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na idara ya utumishi. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa akikishuku.

Chai alikunywa akiwa ameupa ukuta mgongo, ili sote tuwe mbele yake. Wageni waliodhani anajitenga walijidanganya, kwani ndiye aliyekuwa akisikia kila kitu. Mkewe, muuguzi mwenye maneno matamu, alitualika nyumbani kwao mara moja, tukakuta chupa za maji kwenye friji zimezungushiwa utepe wa rangi tatu. Yeye alikuwa ameshazoea. "Huyu bwana," alituambia mbele yake, "nikimwambia nampenda, ananiuliza nimeitoa wapi habari hiyo." Mzee Fremu hakukanusha. Alisema tu kwamba habari kama hiyo haipaswi kutolewa mbele ya wageni.

Kuna pia kisa cha visanduku vitupu. Zamani ukijaribu kufungua kitu kisichokuhusu, mashine ilikuletea kisanduku kilichosema, "Huna ruhusa ya kufungua Mtihani wa Hesabu, toleo la pili." Mzee Fremu alikiangalia kisanduku hicho wiki nzima, kisha akaitisha mkutano. Kisanduku chenyewe, alisema, kinapiga domo: kinamwambia mtu kwamba kuna mtihani wa hesabu, na kwamba una toleo la pili. Kwa hiyo kisanduku lazima kiwe na lebo ileile ya kitu kinachokizungumzia. Akakipaka nyekundu. Matokeo yake, kwa siku kadhaa, kila aliyekatazwa aliletewa kisanduku chekundu kisichosomeka, kikimweleza kwa siri kwa nini hawezi kusoma. Simu zililia mpaka zikakauka. Mwishowe alikubali kuandika ujumbe wa kijani wenye neno moja, "Haiwezekani," na akajivunia neno hilo kuliko vyeti vyake vyote.

Sasa nije kwenye mwaka ambao wengi wangependa nisiutaje katika ukurasa wa sherehe. Nautaja kwa sababu bila mwaka huo, wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine.

Ni mwaka lilipovuja swali la sayansi. Asubuhi moja, majuma machache kabla ya mtihani, picha ya swali ilikuwa kwenye simu za watu mjini. Mchoro wa saketi ya umeme, balbu tatu na swichi mbili, pamoja na maneno yake yote. Lilikuwa swali letu. Kufikia saa ya chai, jengo lilikuwa limebadilika. Watu waliokuwa wakichangia kikombe walianza kuja na vikombe vyao. Waliokuwa wakisahau simu mezani walianza kwenda nazo msalani. Mtu akivaa viatu vipya alitazamwa kuanzia miguuni kwenda juu. Ukikohoa, mwenzako alijiuliza umempa nani ishara.

Haikuchukua muda, macho yote yakamwelekea mpiga chapa wetu wa sayansi, ambaye sote twamwita Mama Herufi Kubwa. Jina hilo alilipata kwa sababu ya macho yake. Daktari alishaagiza maandishi ya skrini yake yakuzwe, na yalikuzwa hasa, mpaka swali moja tu lilijaza dirisha zima. Swali la saketi lilikuwa limepita mikononi mwake. Na kibaya zaidi, binti yake wa pekee alikuwa mtahiniwa mwaka ule. Mama huyu alikuwa amelisema jambo hilo mwenyewe mapema, mbele ya wakuu, kama taratibu zinavyotaka, lakini katika wiki ile ukweli wake uligeuzwa kuwa ujanja. "Kikulacho ki nguoni mwako," watu walinong'ona kwenye ngazi, na hawakunong'ona taratibu vya kutosha.

Kamati ya uchunguzi ikaundwa: mkurugenzi, mwanasheria wetu, na mkaguzi wa ndani. Mama Herufi Kubwa aliambiwa akae nyumbani kwanza. Kilichokuwa hatarini hakikuwa kazi yake tu. Kama angeonekana na hatia, matokeo ya binti yake yangefutwa, na msichana aliyesoma kwa taa ya akiba miaka yote angebaki na jina la mwizi kabla hajapata jina lolote jingine. Nilimwona mama huyo akitoka getini siku ile. Alikuwa amebeba mto wa kiti chake kwapani, na hakuna aliyemsaidia kufungua geti. Na mimi nilikuwa dirishani.

Mtu atauliza Mzee Fremu alikuwa upande gani. Hakuwa upande wa mtu. Alipoulizwa kwenye chai kama anamshuku mama yule, alijibu, "Mimi nawashuku wote. Na yeye yumo." Basi waliotaka kumtumia kama shahidi wa kumkandamiza wakafurahi, na waliotaka amtetee wakamnunia. Lakini shaka yake haikuwa kama yetu. Sisi tulishuku tukaishia kwa mtu. Yeye alishuku akaendelea.

Siku ya tatu alianza kuuliza swali moja kila alipokwenda. Mwizi gani anaingia shambani usiku, anapita kwenye mihogo yote, anang'oa mmoja, kisha anafunga geti? Mama yule alikuwa na mtihani mzima mbele yake. Kama ni wizi, kwa nini swali moja? Wengi walimjibu kwamba wezi wana akili zao. Hakuridhika. Akaomba aione picha yenyewe, ile iliyokuwa ikizunguka kwenye simu.

Sisi sote tulikuwa tumeisoma picha ile mpaka tukakariri swali. Yeye hakulisoma. Aliikuza akaangalia pembe zake. Pembe zilikuwa za mviringo, na kando yake kulikuwa na kivuli chembamba. Hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona Mzee Fremu akipauka. Madirisha yote ya mashine zetu yana pembe kali, kwa sababu yeye mwenyewe aliamua zamani kwamba pembe za mviringo ni anasa. Hakuna dirisha letu linaloweza kutoa picha ya namna ile.

Alikwenda kwenye mashine yake, akafungua dirisha jekundu, kisha akapeleka kishale chini kabisa ya skrini, kwenye ule mstari unaopanga aikoni za vitu vilivyofunguliwa. Akakiacha kishale pale kipumzike. Kikachomoza kijipicha: ile picha ndogo inayokuonyesha kilichomo kwenye dirisha kabla hujalifungua. Pembe zake mviringo, kivuli chake chembamba. Na hakikuwa na fremu nyekundu. Akaondoa kishale, kijipicha kikatoweka. Akakirudisha, kikachomoza. Alifanya hivyo mara nyingi, sisi tumesimama nyuma yake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Nani kafungua?" Safari hii nadhani hakutaka tujibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kijipicha kina sura ya dirisha, lakini hakizaliwi na dirisha. Huchorwa na eneo-kazi, yaani ule uwanja mzima unaouona ukiwasha mashine, wenye saa pembeni na mstari wa aikoni chini. Na kwa kanuni yetu ya ukoo, kilichozaliwa na eneo-kazi hurithi lebo ya eneo-kazi. Lebo hiyo ilikuwa kijani. Mtoto alikuwa na sura ya nyumba moja na ukoo wa nyumba nyingine, na mfumo uliangalia ukoo tu.

Siku chache kabla ya swali kuvuja kulikuwa na kikao cha kawaida cha masafa, kwa njia ya mtandao, na wachapaji wa nje, na Mama Herufi Kubwa, kama kila mara, aliwaonyesha ratiba ya kufungasha karatasi kutoka kwenye skrini yake. Dirisha lake jekundu lilikuwa wazi nyuma ya ratiba, jeusi tii kwao kama inavyotakiwa. Kishale chake kikapita chini, kikapumzika kidogo kwenye aikoni. Kwa mtu mwingine yeyote wa jengo hili, kijipicha kingeonyesha ukurasa mzima uliosinyaa, mistari kama sisimizi, haisomeki. Kwake, kwa sababu ya herufi zake kubwa, kilionyesha swali moja tu, lililo safi. Mtu mmoja upande wa pili alikuwa na haraka ya kidole, akakipiga picha. Huyo alipatikana baadaye, na mambo yake yako kwa wanaohusika.

Nawaomba wenzangu watafakari alichokuwa nacho mkononi jioni ile. Kuziba tundu lile kulikuwa kazi ya muda mfupi. Angeweza kulipa eneo-kazi lebo sahihi, akafunga mashine, akaenda nyumbani, na kamati ingeendelea na mama yule mpaka mwisho. Sisi tuliokuwa nyuma yake tungenyamaza. Nawajua wenzangu na najijua. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa itangazwe mwezi uliofuata, na kila mtu alijua ni yake. Na lebo ile ya kijani alikuwa ameiweka mwenyewe, miaka mingi nyuma, peke yake, bila kumwuliza mtu. Watu walikuwa wakilalamika kwamba eneo-kazi likiwa jekundu hata saa haionekani kwenye vikao. Akachoka na kelele, akalipaka kijani. Tangu siku hiyo alikuwa amewashuku wafagiaji, mafundi wa bomba, mkurugenzi, mimi, na kipoza hewa. Kumbe nyani haoni kundule.

Kesho yake alikwenda mbele ya kamati bila kuitwa. Aliomba mashine ya Mama Herufi Kubwa iletwe, na mama mwenyewe aitwe kutoka nyumbani. Akawaonyesha kishale, kijipicha, pembe. Kisha akasema maneno ambayo mkaguzi wa ndani aliyarudia kwetu neno kwa neno: "Huyu mama hajafungua kitu. Niliyefungua ni mimi, siku nilipolipa eneo-kazi kijani ili msinisumbue kuhusu saa. Kama mnatafuta mtu wa kumrudisha nyumbani, amesimama mbele yenu."

Mtu angedhani kamati ingemshukuru. Lakini ofisi yetu ilikuwa imeshaugua shaka, na mwanasheria akaanza na yeye. Kwa nini mtu ajishtaki bila kuulizwa? Ana undugu na mama huyu? Amemwahidi nini? Amefundishwa na nani? Walimhoji siku mbili. Alitoka jasho likimtiririka, tukamzunguka tukidhani atalalamika. Alichosema ni kwamba mwanasheria anauliza vizuri sana, na kwamba amepotea njia kuwa mwanasheria.

Mama Herufi Kubwa alirudi na mto wake. Swali lilibadilishwa, binti yake akafanya mtihani kama wengine, na matokeo yake yakatoka na jina lake likiwa safi. Mzee Fremu alipewa onyo la maandishi, na nafasi ya mkuu wa kitengo ikapita mbele yake kama gari lisilosimama. Niliyepewa ni mimi. Alikuja ofisini kwangu, akanipa mkono, akanipongeza, kisha akaniuliza nani alinipendekeza. Tangu siku ile amenifanyia kazi kwa heshima zote, na hakuacha kunishuku hata kwa siku moja. Mimi namheshimu kwa yote mawili, na kuna siku nimekaa kwenye kiti kile nikajihisi nimevaa koti la mtu mwingine.

Kitu kikubwa kuliko vyote alivyotuachia kilitokana na aibu hiyo. Lebo, alisema, kuipandisha ni rahisi: mtu yeyote na apandishe, hasara yake ni usumbufu. Kuishusha ndiko kunakoua. Kwa hiyo aliandika kanuni kwamba lebo haishushwi na mtu mmoja, hata awe yeye. Lazima wawe wawili: mwombaji, na mwingine anayeitwa mwenye shaka. Na mwenye shaka haruhusiwi kuwa rafiki wa mwombaji, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake na rafiki humsaidia kuvuta. Mwombaji anaeleza, mwenye shaka anachimba, na dirisha halibadiliki rangi mpaka wote wawili wakubali, kila mmoja kwenye mashine yake. Nimeambiwa ofisi nyingine mbili zimeichukua kanuni hiyo. Sina uhakika kama zimeomba ruhusa, na yeye pia hana, na jambo hilo linamkosesha raha.

Mwenye shaka wa kwanza kuteuliwa, kwa pendekezo lake mwenyewe, alikuwa Mama Herufi Kubwa. Tulidhani atamlegezea. Thubutu! Ombi lake la kwanza alilikataa. La pili alilikataa na kumwuliza kwa nini ana haraka. La tatu alimrudishia akimtaka aeleze upya, kwa herufi kubwa. Hatujawahi kumsikia akimwambia asante kwa ajili ya kamati ile. Lakini kwa miaka hii yote hajapitisha ombi la Mzee Fremu bila kulichambua kama mchele, na yeye kila akikataliwa alirudi mezani kwake akiwa na uso wa mtu aliyelipwa.

Kabla ya kuondoka, amenitaka nizikague lebo zake zote, moja baada ya nyingine, kama vile nakagua kazi ya mwizi. Nimezikagua. Nilitafuta mlango wa nyuma, nilitafuta kijani kilichojificha ndani ya nyekundu, nilitafuta hata utani. Sikukuta kitu. Nikamwambia mfumo ni safi. Akasema, "Basi hujatafuta." Nimeanza upya.

Sasa kuna jambo la mwisho, na ni la kiofisi. Jarida hili huandikwa kwenye madirisha ya njano, mambo ya ndani. Ijumaa saa ya kufunga ofisi, akaunti ya Mzee Fremu itashuka na kuwa ya mgeni, na mgeni kwenye mashine zetu huona kijani tu. Maana yake ni kwamba, kwa kanuni zake mwenyewe, ukurasa huu ulioandikwa kwa ajili yake asingeweza kuusoma. Angepeleka kishale, na tungemletea lile neno lake moja la kijani, "Haiwezekani."

Kwa hiyo niliomba lebo ishushwe. Mwombaji nikawa mimi, na mwenye shaka, kwa zamu, akawa Mama Herufi Kubwa, ambaye mwenyewe anasema mimi si rafiki yake. Aliusoma ukurasa huu kwa siku nzima, sentensi moja ikijaza dirisha kama kawaida yake. Alifuta sentensi mbili: moja ilitaja chumba ambacho hakipaswi kutajwa, na nyingine ilikuwa inamsifu yeye. Kisha akafika kwenye habari ya kijipicha, akasimama. Aliniuliza kama nina hakika kwamba mzee anataka kosa lake lisomwe na watu wote, siku ya sherehe yake, mbele ya mkewe. Nikasema sijui. Akanitazama kwa dharau, akanyanyua simu akampigia mwenyewe. Jibu nililisikia kutoka nilipokaa: "Iacheni. Mkiificha hiyo, nitajua mnaficha na nyingine."

Aliweka simu chini, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Alisema binti yake sasa ni mwalimu wa sayansi, na kwamba saketi anaifundisha vizuri. Mimi nilikuwa najua hilo tangu zamani, na nadhani hakuwa ananiambia mimi. Kisha akakubali, kwenye mashine yake, nami kwenye yangu, na fremu ya ukurasa huu ikageuka kijani mbele ya macho yetu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kutoamini chochote, na kwa siku moja ambayo hukujiamini hata wewe mwenyewe. Nenda ukapumzike na mkeo, na umwamini akikwambia ile habari yake, maana chanzo tumekikagua. Afya njema, usingizi mzito, na milango inayofunga vizuri viwe nawe siku zote. Pipi zako tutazila Ijumaa, wote kwa pamoja, wewe ukitangulia. Na ukiukuta ukurasa huu uko wazi, ukaanza kuuliza nani kafungua, ni sisi wawili: mimi niliomba, na Mama Herufi Kubwa, baada ya kushuku kila neno, alikubali.